Disney Springs ya Orlando inafaa kwa familia kutwa nzima? Naomba ushauri

Mgosi wa Atlanta
Wakuu habari za jioni, wakubwa zangu shikamooni.

Shule zikifungwa tunashuka Orlando kwa gari. Tupo mimi, mke wangu, watoto watatu (binti wa miaka 10, wa kiume 7, mdogo 2) na mama mkwe wangu ambaye yuko kwetu kwa matembezi kutoka Tanga. Nimepiga hesabu ya kiingilio cha Disney nikachoka. Kichwa kimoja kwa siku moja ni zaidi ya dola 100, na likizo bei inapanda. Binti akishafika miaka 10 wanamhesabu mtu mzima. Wa kupita bure ni huyo wa miaka 2 peke yake.

Nimesikia hapo hapo Disney kuna eneo la maduka na mikahawa, Disney Springs, hulipi kiingilio na maegesho ni bure. Panafurahisha kweli? Mtu anaweza kukaa kutwa? Kuna viti, kivuli, vyoo vya karibu? Walioenda nisaidieni, akili imegoma.

Mama Pacha Tampa
Karibu Florida, mgosi. Sisi huenda mara kwa mara na jibu langu ni ndiyo, panapendeza, ila usitegemee mabembea na treni za kupinduka. Ni kama mji mdogo wa kula na kununua, kando ya ziwa, wenye sehemu nne: Marketplace, The Landing, Town Center na West Side. Watoto wako watakwama Marketplace. Pale kuna duka la LEGO, na nje yake, ndani ya maji kabisa, kuna joka la baharini lililojengwa kwa vipande vya LEGO, shingo imechomoza juu ya ziwa. Wanangu wakifika hapo hawasogei. Kuna T-REX, mkahawa wenye madinosaria yanayotikisa vichwa na kunguruma, na kila baada ya muda taa zinabadilika ghafla kana kwamba vimondo vinaanguka. Huyo wa miaka 2 atalia, ombeni meza ya mbali.

Kuna puto kubwa la kamba linapanda mita 120 hivi, hilo unalipia, na upepo ukizidi halipandi. Kuna biskuti za Gideon's, moja inakaribia nusu ratili, unaacha namba ya simu wanakutumia ujumbe zamu yako ikifika. Kwenye The Boathouse kuna magari ya zamani ya Kijerumani, ya miaka ya sitini, yanashuka kutoka nchi kavu yanaingia ziwani na abiria wake. Kuyapanda bei imechangamka, ila kusimama ukingoni kuyaangalia ni bure, na ndicho ninachokipenda mimi kuliko vyote.

Kutwa nzima usijaribu. Kiangazi mvua ya radi hupiga mchana karibu kila siku, na jua la kabla ya mvua halina huruma. Masaa manne ya jioni, taa zimewaka, yanatosha na mtarudi wazima.

Kobe Mzee
Mmenirudisha mbali. Pale palianza 1975, kijiji cha maduka tu. Mwaka 1997 pakaitwa Downtown Disney, jina la Springs ni la 2015. Hapo panapoitwa The Landing palikuwa na Pleasure Island, kisiwa cha madisko, kilifunguliwa 1989. Miaka ya tisini nilikuwa naosha vyombo kwenye jiko la jirani. Kila usiku, narudia, kila usiku, walikuwa wanasherehekea mwaka mpya! Ikigonga saa sita fataki zinapasuka, watu wanakumbatiana, na kumbe ni Jumanne ya mwezi wa tatu. Sisi wa jikoni tulitoka mlango wa nyuma na aproni zetu, povu mpaka kwenye viwiko, mimi na kijana mmoja wa Bujumbura tukapeana heri ya mwaka mpya kwa Kiswahili. Madisko yakafungwa 2008. Yule kijana sikumpata tena.

Fundi Mwamba
Mzee Kobe, mtu kauliza vyoo wewe umeleta disko.

Mgosi, mimi nina neno. Mama ametoka Tanga, Saadani iko jirani yake, mbuga na bahari pamoja. Watoto hawajafika huko, wewe unachoma mafuta kilomita 700 ukawaoneshe joka la plastiki. Hiyo hela weka kando, muwapeleke kwao.

Mgosi wa Atlanta
Fundi, nyumbani watakwenda, hilo halina mjadala. Kwa sasa naulizia Orlando.

Mama Pacha ahsante sana. Hivyo viti hasa viko wapi? Kuna sehemu ya ndani yenye kiyoyozi mtu anakaa masaa kadhaa asiulizwe ananunua nini? Walinzi wapo? Na asubuhi maduka yanakuwa wazi?

Shangazi Kisauni
Mwanangu, mtu anayekwenda kutembea huuliza kuna nini. Wewe unauliza pa kukaa, kiyoyozi na walinzi. Nani anakwenda kungojea nani hapo?

Na watoto umewaambia wanakwenda wapi?

Mgosi wa Atlanta
Shikamoo shangazi. Hakuna wa kungojea mtu, ni tahadhari tu, nina mtu mzima na mtoto mchanga.

Watoto nimewaambia tunakwenda Disney. Na Disney Springs ni ya Disney, si uongo.

Shangazi Kisauni
Marahaba. Na binti wa miaka kumi akisikia Disney, anaona duka au anaona ngome ya Cinderella?

Mgosi wa Atlanta
Anaona ngome. Ameshawatangazia darasa zima. Lakini sikutamka neno ngome, na nina imani akifika akaona lile duka la World of Disney na hilo joka atatulia. Hoteli nimeshalipa, hela hairudi, kwa hiyo Orlando tunakwenda. Nataka niende nimejipanga.

Dereva wa Usiku
Ngome ipo njia ya kuiona bila kiingilio. Mabasi ya Disney yanatoka Disney Springs kwenda hoteli zao, na huyalipii. Panda la Polynesian. Ufuo wake unatazamana na Magic Kingdom, ile bustani yenye ngome, ng'ambo ya maji. Mkikaa pale usiku ngome inaonekana kwa mbali imewaka, na fataki zake mnaziona vizuri tu. Siku za msongamano wanaweza kudai uwe na uhifadhi wa chumba au meza, kwa hiyo usimwahidi binti mpaka mmeshapanda.

Na mama mkwe mpeleke Animal Kingdom Lodge, basi linatoka hapo hapo. Nyuma ya ukumbi wa hoteli kuna mahali pa kusimama panaitwa Arusha Rock, twiga na pundamilia wanapita uwandani chini yako. Jengo lenyewe linaitwa Jambo House, mikahawa yake Boma na Jiko.

Fundi Mwamba
Kwa hiyo mama anapanda ndege kutoka Tanga kuja kuoneshwa Arusha ya Florida. Sawa.

Kobe Mzee
Usicheke, Fundi. Ndani ya Animal Kingdom yenyewe, bustani ya wanyama ya Disney, kuna kijiji wamekijenga kinaitwa Harambe, mabango yameandikwa Kiswahili, tangu 1998. Mara ya kwanza kukiona nilisimama katikati ya njia nasoma maandishi ya ukutani kama nimefika Bagamoyo. Watu wananipita. Mtu aliyekaa ugenini muda mrefu atanielewa.

Nahodha 77
Samahani wakuu, nikatishe. Mgosi, hiyo hoteli ni ya shilingi ngapi?

Mgosi wa Atlanta
Dola 149 usiku tatu. Vyumba viwili vya kulala, sebule, jiko na bwawa la kuogelea.

Nahodha 77
Nilijua. Hii ni CHAI, tena ya tangawizi.

Msimu wa shule kufungwa, Orlando, vyumba viwili na jiko, usiku tatu kwa hela hiyo? Akaunti ina umri wa wiki. Mama mkwe, mtoto wa miaka 2, binti analilia ngome, kila kitu kimepangwa mtu aone huruma. Subirini, ujumbe unaofuata anaweka namba, "wakuu nicheki inbox niwape ofa". Huyu ni dalali wa hoteli. Mods mpo?

Fundi Mwamba
Eh! Na mimi nilivyomshauri kwa moyo.

Mama Pacha Tampa
Nimeandika aya tatu kwa kidole kimoja, mtoto mwingine nambembeleza. Mgosi, kama ni tangazo sema.

Nahodha 77
Tumpime. Wewe wa Tanga, hebu tuambie mitaa ya Ngamiani inaitwaje?

Mgosi wa Atlanta
Inahesabiwa. Barabara ya kwanza mpaka ya ishirini na moja. Nimekulia pale, ukitaka nikuambie na mikate ya ajemi ilikuwa inauzwa wapi nitakuambia.

Sina namba ya kuweka wala sina ofa ya mtu. Hiyo bei ina sharti. Siku ya pili asubuhi mimi na mke wangu lazima tukae kwenye kikao cha kuuziwa nyumba ya likizo, ile unamiliki wiki moja kwa mwaka. Wamesema dakika 90. Lazima mume na mke wote, tusipotokea wananikata bei kamili kwenye kadi. Sinunui, nakwenda kukaa tu muda upite.

Ndipo nikawaza: saa hizo mama mkwe nimshushe Disney Springs na watoto, wafurahi, tukimaliza tuwafuate. Mama ni mtu makini, kalea watoto saba. Kiingereza chake cha salamu, na simu yake inashika mtandao penye Wi-Fi. Nilijua nikianza na hilo mtaniparamia badala ya kunijibu.

Shangazi Kisauni
Na tunakuparamia.

Baba, huyo ni mama wa mke wako. Ni mgeni wako. Mkwe hashushwi kituoni na watoto watatu kama kifurushi, katika nchi asiyojua hata kuuliza choo kiko wapi. Akipotelewa na huyo wa miaka 2 pale, utamtazama usoni vipi? Na mkeo analijua hili?

Mgosi wa Atlanta
Anajua kuna kikao. La mama kubaki na watoto nilikuwa nasubiri nipate majibu yenu kwanza. Lakini shangazi, pale kuna ukaguzi wa mabegi, kuna walinzi, kuna kamera. Ni salama kuliko sokoni kwetu, na sokoni tunawatuma watoto peke yao.

Mama Pacha Tampa
Sokoni kwenu kila mtu anamjua mtoto wa nani. Mimi naongea Kiingereza na pale nimewahi kupotelewa na pacha mmoja, ndani ya World of Disney. Nimegeuza bei ya fulana, nikiinua kichwa yupo mmoja. Lile duka ni kubwa, milango ni mingi, na nje umati unatiririka. Nilimkuta amekaa sakafuni katikati ya midoli anawapanga kwa urefu, hana habari. Mfanyakazi alikuwa ameshachuchumaa naye anamuuliza jina la mama. Wafanyakazi ni wazuri, ila mama yako angewaeleza nini, na kwa lugha gani?

Halafu maegesho ni majengo matatu, Orange, Lime na Grapefruit. Hata wenyeji tunasahau tumetokea lipi.

Wakili wa Mtaani
Nimekaa vikao hivyo. Dakika 90 ni za kwenye karatasi. Muuzaji wa kwanza mkimkatalia anakuja "meneja" na bei mpya, wa pili akishindwa anakuja wa tatu. Weka masaa matatu kichwani. Wakati huo wote mama yuko juani na mtoto wa kubebwa, mvua inakuja, hakuna wa kumpigia.

Mkae na mkeo mkubaliane neno "hapana" kabla ya kuingia, maana wanajua kumtafuta mmoja aliyelegea. Mkijikuta mmesaini, sheria ya Florida inawapa siku 10 kuvunja mkataba, kwa maandishi. Siku ya 11 ni yenu hiyo.

Na kwa nini mama asibaki hotelini? Umesema kuna jiko na sebule. Katuni, uji, usingizi. Ila bwawani wasitie mguu mpaka mrudi.

Nahodha 77
Ngamiani umejibu. La udalali nalifuta. Lakini ungesema ukweli kwenye ujumbe wa kwanza tungekuwa tumeshalala.

Mgosi wa Atlanta
Nimeongea na mke wangu usiku huu. Hakufurahi, na ana haki. Mama atabaki hotelini na watoto, tutamwachia simu yenye laini ya hapa. Kikao kikiisha tunapumzika, jioni wote sita Disney Springs, joka kwanza, kula baadaye. Kikao sikifuti, kwa sababu bei kamili siiwezi.

Binti nitamwambia mwenyewe kabla hatujaondoka kwamba ndani hatuingii mwaka huu. Ngome ya kwa mbali sitaitaja mpaka basi limetukubali, kama alivyosema Dereva. Dereva, tukishaona fataki, kurudi Disney Springs kuchukua gari usiku ule kunasumbua?

Dereva wa Usiku
Fataki zikiisha kila mtu anakimbilia kituoni, na mabasi yanajaa. Mkiwa na mama na mtoto aliyelala, ama muondoke dakika chache kabla ya mwisho, ama mkae ufuoni mpaka wimbi la kwanza lipite. Saa za mabasi hubadilika, muulize dereva wa kwenda saa ya basi la mwisho kabla hamjashuka. Na piga picha ya jina la jengo na ghorofa mlipoegesha gari.