Tupeane uzoefu: wahariri wa picha za sura, raha yako iko wapi?

Fundi Mausi, Kisumu
Wadau, habari za jioni. Huu ni mwaka wa tisa nikishinda na nyuso za watu kwenye kompyuta. Wengi hudhani kazi yetu ni kufuta chunusi tu. Raha yangu mimi ni macho. Nakuza picha hadi asilimia 200, naona dirisha la studio ndani ya mboni ya mteja, na mimi mwenyewe nimesimama pale na kamera. Napunguza wekundu, natia mwanga kidogo, kidogo sana, kisha nairudisha picha saizi yake. Mtu ameamka! Haya, leteni zenu.

Mtu wa Section 58
Nakuru hapa, mimi ni wa pasipoti saizi. Nimevalisha watu suti kuliko fundi yeyote wa cherehani mjini. Mtu anakuja na jezi ya Gor, anatoka na koti na tai. Kuna koti moja la bluu nililikata kwenye picha ya mjomba wangu mwaka 2016, hadi leo linavaliwa. Kampeni za 2022 nililiona likipita mjini kwenye bango la mgombea, nyuma ya Probox. Mjomba hajui.

Mwana wa Webuye
Yangu ni ndefu, mnivumilie. Nilipoanza kazi Kisumu, familia moja ililetea studio picha ya babu yao, ya zamani, nyeusi na nyeupe, imekunjwa katikati na ina doa la chai. Wanataka kubwa ya kutundika sebuleni.

Nikaiskani, nikakaa nayo siku mbili. Wakongwe wanakumbuka enzi za kile kifaa cha stempu peke yake kwenye kompyuta: unanakili kipande cha ngozi, unakibandika kwingine, na kama mwanga hauwiani kinaonekana kama kiraka. Ile brashi ya kuponya iliyokuja na programu ya Photoshop 7 mwaka 2002 ndiyo iliyotuokoa, maana inachukua vinyweleo vya pale ulipochota lakini inafuata rangi na mwanga wa pale unapopaka. Doa likaisha. Mkunjo ukaisha. Ulikuwa umepita mdomoni, na mzee alikuwa anacheka, meno ya chini hayaonekani. Nikajua karatasi imechubuka. Nikamtengenezea meno sita, safi, hata nikayatia uchakavu kidogo yafanane na umri.

Siku ya kuchukua, akaja nyanya yao. Akaitazama skrini. "Mjukuu wangu, huyu ni nani?"

Kumbe mzee alikuwa wa rika lililong'olewa meno sita ya chini, mila ya Wajaluo wa zamani. Mimi Mbukusu ningejuaje! Bahati nzuri nilikuwa nimeyaweka kwenye leya yake peke yake, yaani tabaka linalokaa juu ya picha bila kuigusa. Nikabonyeza kile kijicho cha kuificha leya, meno yakatoweka. Nyanya akacheka hadi akashika meza. Kisha akaniambia, "Yarudishe kidogo nione tena." Tumeyatoa na kuyarudisha kama mara nne hivi, foleni inangoja.

Siku hizi nikipewa picha ya zamani nauliza kwanza, kabla ya kugusa mausi.

NyarDunga
Haha, pole! Mimi kinachoniudhi ni "nifanye mweupe kidogo." Nikikubali, shingo inabaki nyeusi, uso wa chokaa. Weusi una rangi nyingi ndani yake jamani: kwenye paji la uso kuna samawati ya anga, mashavuni wekundu kama wa udongo. Nashika brashi laini yenye nguvu ya asilimia 5 tu, natia mwanga hapa, giza pale, nusu saa nzima, bila kubadilisha rangi ya mtu. Kisha namwonyesha kabla na baada. Wengi hunyamaza, halafu wanaomba nakala mbili.

Mnyonge wa Bajeti, Kakamega
Natumia GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, na haijaninyima kitu ninachohitaji. Raha? Jana nimechezea shela la bibi harusi kwa saa tatu nzima, uzi kwa uzi, stima zikapotea sijasevu. Niulizeni kesho.

Fundi Mausi, Kisumu
Pole ndugu, Ctrl na S kila ukipumua. Mtu wa Section 58, nitumie hilo koti la bluu. Kuna mteja ameketi hapa na vesti.