Wakuu msaada: pedali ya kung'arisha sauti ya gita, mbona haisikiki?

SoloWaGungu
Habari za jioni wakuu. Napiga gita la solo kwaya ya vijana, Kigoma mjini. Nimepata pedali ndogo ya kitufe kimoja cha kuzungusha, zile za kuipa sauti nguvu kidogo na kuing'arisha. Siyo ya kukwaruza, siyo ya mwangwi. Wanaozijua wanasema ukiiwasha huizimi tena maisha. Mimi nikiiwasha taa nyekundu inawaka, sauti ileile. Nikiizima, ileile. Nikizungusha hadi mwisho inapanda, ila mvumo nao unapanda, halafu jamaa wa mikisa (ile mashine ya kuchanganya sauti) ananishushia. Inakaa wapi kwenye mpangilio, na niisetije ili hata asiye mwanamuziki asikie tofauti? Nina hadi Jumapili.

Migebuka Mibichi
Ichomeke kwenye umeme kwanza.

SoloWaGungu
Mkuu nimesema taa inawaka.

Mzee wa Isevya
Vijana wa siku hizi mna raha. Sisi Tabora uzi wa gita ukikatika ulikuwa unafumua waya wa breki za baiskeli, unachagua unyuzi mmoja, unafunga, kazi inaendelea hadi alfajiri. Kaka yangu alipiga rithimu hivyo, vidole vikawa kama magome ya mninga. Hakuna aliyeuliza pedali. Watu walicheza tu.

Dada wa Mwanga
Kwa nini unataka asiye mwanamuziki ndiye asikie? Na Jumapili kuna nini?

Fundi Solda
Kabla hatujaenda mbali: taja mpangilio wote, kuanzia gita hadi spika. Na urefu wa waya.

SoloWaGungu
Gita, waya wa mita 15, pedali, mikisa, spika. Amplifaya ya gita hatuna. Mikisa iko karibu na mlango, sisi tuko mbele. Pedali nimeiweka mezani pa mikisa kwa sababu soketi iko huko.

Fundi Solda
Hapo ndipo ulipoikosesha kazi. Pikapu za gita lisilo na betri (zile sumaku chini ya nyuzi zinazonasa sauti) ni dhaifu, haziwezi kusukuma waya mrefu. Waya wenyewe unafanya kazi kama kapasita, kile kifaa cha kutunza chaji, kipimo chake ni pikofaradi: chukua 100 hivi kwa kila mita. Mita 15 ni kama 1,500, na kinachomezwa kwanza ni ule mlio wa juu, ile "ching" ya solo. Sauti ikifika kwenye pedali yako imeshakufa nusu. Unamsafisha samaki aliyekwisha oza.

Isitoshe, ukiizima, gita linaingia moja kwa moja kwenye tundu la laini la mikisa, na mengi yana ukinzani wa kama kilo-omu 10 tu. Gita linataka karibu mega-omu 1, yaani mara mia. Ndiyo maana likipita huko linasikika kama limefunikwa blanketi.

Ilete pedali mbele, miguuni pako. Waya mfupi kutoka gita hadi pedali, ule mrefu utoke pedali kwenda mikisa. Pedali ndiyo itakayosukuma hizo mita 15. Kitufe kiweke robo tu. Halafu mwambie wa mikisa asiguse chochote, uizime na kuiwasha kwa mguu. Kama ni ya aina inayopitisha sauti moja kwa moja ikizimwa, hata mtoto atasikia.

SoloWaGungu
Mbele hakuna soketi.

Fundi Solda
Fungua kitako, nyingi zina nafasi ya betri ya mraba ya volti 9. Ukimaliza kupiga chomoa jeki ya upande wa gita, la sivyo betri inaendelea kuliwa usiku kucha. Na ukitafuta adapta, pedali nyingi zinataka hasi katikati. Ya ruta ya intaneti kwa kawaida chanya ndiyo iko katikati. Usijaribu hata kwa sekunde moja.

Kumbukumbu ya Tepu
Nyongeza ya historia. Mtindo huu ulitokana na mashine ya mwangwi ya tepu iliyoitwa Echoplex, toleo la EP-3, miaka ya 1970 huko. Wapigaji waligundua kwamba hata mwangwi ukizimwa, sauti ikipita tu mle ndani inanona. Wapiga gita wa roki Jimmy Page na Eddie Van Halen walizitumia. Baadaye watu wakachukua kile kipande cha kuongeza nguvu peke yake wakakitia kwenye kiboksi. Kwa hiyo hiyo pedali ni kama chumvi, na chumvi haisikiki, mboga ndiyo inasikika.

Dada wa Mwanga
Mmemaliza mambo ya omu? Swali langu bado. Jumapili kuna nini?

SoloWaGungu
Dada, Jumapili kamati ya kwaya inakuja kusikiliza vifaa vipya.

Dada wa Mwanga
Vifaa. Wingi.

SoloWaGungu
Sawa, niseme. Kwaya ilichanga 160,000 nikanunue maiki mbili. Nikakuta hiyo pedali. Ila naomba mnielewe: maiki tulizonazo zinafanya kazi, moja tu ndiyo lazima uishike kwa shingo, na solo ndiyo inayobeba nyimbo zetu zote. Hii ni faida ya kwaya nzima. Mhazini nimemwambia maiki ziko njiani na treni.

Migebuka Mibichi
😂😂😂 Yaani umenunua kitu ambacho kazi yake ni kutosikika, kwa hela ya kitu ambacho kazi yake ni kusikika.

Mama Neema wa Kasulu
Mwanangu, hela ya mchango ina macho. Kuna bibi humo ametoa elfu moja ya mawese. Rudisha, omba radhi, utabaki na jina lako.

SoloWaGungu
Mama nitarudisha, ila kwanza wasikie. Wakisikia wataelewa.

Mtazamaji Kimya
Samahani, mimi naona hii ni chai. Mwezi wa tatu huyuhuyu alileta uzi kwamba anapiga besi Tabora na mke kamkimbia. Leo ni solo, Kigoma, kwaya ya vijana. Sukari iongezwe.

Mzee wa Isevya
Tabora bendi gani? Mimi nawajua wote.

SoloWaGungu
Ule uzi niliuandika kwa niaba ya binamu yangu, akaunti ni moja. Mimi ni huyu. Gita langu kitufe cha sauti kilipotea, nimevalisha kifuniko cha Colgate. Kinateleza vidole vikiwa na jasho, kwa hiyo ndani nimetia kipande cha puto kukaza. Nani atatunga hiyo?

Fundi Solda
Hiyo ya puto imenishinda. Namwamini.

Mtazamaji Kimya
Mimi nimewahi kutunga zaidi ya hiyo.

Mama Neema wa Kasulu
Na mke wa binamu alirudi?

SoloWaGungu
Wakuu mrejesho. Leo mazoezini nimeweka betri, nimeileta miguuni, kitufe robo. Aisee. Nyuzi nyembamba zimefunguka, nikizima blanketi linarudi palepale. Mwalimu wa kwaya alisimamisha wimbo akauliza nani kaosha spika. Fundi Solda ukija Kigoma nakupa kuhe mzima.

Dada wa Mwanga
Na mhazini?

SoloWaGungu
Alikuwepo. Alifurahi sana. Akauliza maiki.

Dada wa Mwanga
Ukasemaje?

SoloWaGungu
Treni imechelewa.