Baba ya babu yangu hajaandikwa katika daftari la ubatizo

Mjukuu wa Kawangware: Wapendwa, babu yangu mzaa baba alibatizwa katika misheni ya Mtakatifu Austin hapa Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1899, lakini nafasi ya jina la baba yake iko wazi. Kipimo cha vinasaba kimenilinganisha na bwana mmoja tusiyejuana, kwa takriban asilimia 3. Je, inatosha kumtambua baba huyo?

Mama Wanjiru: Mwanangu, haitoshi peke yake. Hicho ndicho kiwango cha wastani kati ya wajukuu wa ndugu wawili waliozaliwa na baba na mama mmoja. Ndugu hao wakichangia baba tu, kiwango hushuka hadi nusu. Mpime shangazi yako angali hai, kwa kuwa amebeba vinasaba vingi vya babu kuliko wewe. Ikiwa bwana huyo naye ametoka upande wa kiume mtupu, mlinganishe kromosomu Y, sehemu ya vinasaba ambayo baba humrithisha mwana wa kiume tu.

Msomaji wa Kumbukumbu: Naafiki. Tazama pia pambizo la daftari, kwani Wakatoliki huandika humo ndoa ya aliyebatizwa. Cheti cha ndoa huenda kikataja wazazi. Msimamizi wa ubatizo, hata hivyo, usimhesabu kuwa ndugu bila ushahidi mwingine.