Naomba ushauri: masta au kuchomelea vyuma?

Jambo wakubwa na wadogo. Niko Lubumbashi, Katuba. Nimemaliza lisansi ya uchumi, na baba mkubwa amekubali kunilipia masta, miaka 2 mingine. Mama ameshawatangazia majirani.

Lakini mchana huwa niko atelye ya mjomba, Kamalondo, tunachomelea milango na madirisha. Mjomba anasikiliza mlio wa moto tu, anajua bageti (fimbo ya kuchomelea) imeingia unyevu kabla hajainua maski. Zile bageti za aina ya 7018 anazikausha kwanza, maana unyevu huleta nyufa baadaye, chuma kikishapoa. Hakuna somo la takwimu lililoniingia hivyo.

Shida ni kwamba milango hailipi sana. Pesa iko migodini, upande wa Kolwezi, na kule kazi nzuri za mabomba hazitolewi kwa maneno: unachomelea bomba lililoinamishwa nyuzi 45, bila kulizungusha, halafu kiungo kinapigwa eksirei. Nafikiria kuanza na mafunzo INPP, taasisi ya serikali ya mafunzo ya ufundi, masta ingoje.

Waliopita huko, cheti cha INPP kinatosha mtu aitwe kwenye mtihani huo, au bila ndugu wa ndani ni kujisumbua? Na baba mkubwa nimwambie vipi asione nimeukataa mkono wake? Yeye ni mtu wa diploma, mtamuelewa.

Tafadhali, msiniambie "fanya vyote viwili" kama hamjajaribu kusoma huku mnafanya kazi ya zamu.