"Mwachie Mungu usukani": na vidonge navyo tuviache?

Karafuu_Wete (mwenye mada)
Salamu kwenu nyote. Mahubiri mengi siku hizi, Unguja na Pemba, yanaishia kwenye neno moja: salimisha maisha yako, mwachie Mungu usukani. Kinachofuata baada ya "amina" hakielezwi. Wapo wanaofahamu kuwa kuweka akiba ni kukosa imani, na wapo wanaofahamu kuwa hata vidonge ni kukosa imani. Swali langu kwa Wakristo: mtu akishamkabidhi Mungu maisha yake, yeye mwenyewe anabakiwa na kazi gani? Tujibizane kwa hoja, matusi tuyaache sokoni.

Mtumishi_Kikwajuni
Jibu liko Mithali 3:5, "wala usizitegemee akili zako mwenyewe." Usukani haushikwi na wawili. Ukimpa Mungu mkono mmoja na wewe ukabaki na mwingine, hujampa kitu. Wakristo wengi wa leo wamempa Yesu kiti cha abiria.

Nesi_wa_Zamu
Nijibu upande wa vidonge, maana huko ndiko watu wanakufa. Kifua kikuu cha kawaida kinatibiwa miezi 6: miwili ya mwanzo dawa nne kwa pamoja, minne iliyobaki dawa mbili. Wiki chache tu kikohozi kinapungua na uzito unarudi, mtu akajiona keshapona. Vijidudu vilivyosalia hapo ndivyo vigumu kufa. Akikatisha vinarudi, na huenda vikarudi vimeshazizoea dawa. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza akiacha insulini, siku chache damu inajaa asidi: anatapika, anahema kwa nguvu, anapoteza fahamu. Presha ndiyo hatari zaidi kwa mahubiri haya kwa sababu haiumi. Mtu anaacha vidonge, wiki nzima hajisikii kitu, anashuhudia kanisani kwamba kaponywa. Anayewaambia watu "achia" aseme wazi: achia nini?

Bahari_Kojani
Mimi si wa dini yenu, ila huo usukani mnaoupigia kelele ni wetu. Mtumishi, ushawahi kuona chombo kilichoachiwa usukani? Dau likiwa linakwenda ubavu kwa upepo, ukiachia kana, yaani mkono wa usukani, omo (mbele ya chombo) inapanda upepo yenyewe, tanga linapigapiga, chombo kinasimama kinapokea mawimbi ya mbavuni. Ukiwa na upepo wa tezi, yaani wa nyuma ya chombo, ni vibaya zaidi: kinageuka ghafla, tanga linashika upepo upande wa pili, foromali, ule mti unaobeba tanga, inavuka kwa kishindo na anayesimama hapo anapigwa nayo. Mwenye chombo ndiye anayesema mzigo uende bandari gani. Kana anaishika nahodha. Kwetu tunasema mfunge ngamia kisha utawakali. Anayeachia usukani akasema anamtegemea Mungu, huyo ni mvivu.

Mtumishi_Kikwajuni
Mvivu? Yakhe, wewe unamwita mvivu mtu anayeamka saa kumi za usiku kusali? Anayefunga siku tatu hajatia kitu mdomoni? Huo usukani ni mfano. Mfano haupimwi kwa kana na foromali.

Bahari_Kojani
Mfano ukichukuliwa kwa watu, uchukuliwe mzima. Ungesema "mwachie Mungu jembe" nisingetia mguu hapa.

Mkunazini_Kengele
Mbona Biblia yenyewe ina chombo? Matendo 27. Paulo anapelekwa Roma kwa merikebu, dhoruba inawakamata. Malaika anamwambia usiku, hatapotea hata mmoja wenu. Ahadi imetoka, neno limekwisha. Sasa tazameni wanavyofanya baada ya ahadi: wanatia bildi, timazi ya kupima kina, wanapata pima 20. Wanasogea kidogo wanatia tena, pima 15. Wanajua nchi iko karibu na miamba ipo, wanatupa nanga za tezi. Mabaharia wanajifanya wanakwenda kutupa nanga za omo, kumbe wanashusha mashua wakimbie. Paulo anamwambia akida: hawa wasipobaki chomboni, nyinyi hamtaokoka. Huyo ndiye aliyeahidiwa na malaika! Anawahimiza wale chakula baada ya siku 14, kisha ngano inatupwa baharini chombo kiwe chepesi. Kukabidhi kwa Paulo ndiko huko.

Mwana_Shangani
Nanga tatu zile, na Paulo ndiye aliyekuwa nahodha mle.

Mkunazini_Kengele
Nanga nne, aya ya 29. Na Paulo alikuwa mfungwa. Nahodha yumo na mwenye merikebu yumo, aya ya 11, tena hao ndio waliokataa shauri la Paulo la kutotoka bandarini.

Mtumishi_Kikwajuni
Asante kwa kunisaidia hoja. Soma aya ya 15: merikebu haikuweza kushindana na upepo, wakaiacha ichukuliwe. WAKAIACHA. Mzee wa Kojani aje atufasirie hapo.

Bahari_Kojani
Nimekuja. Kuacha chombo kichukuliwe ni kazi, tena kazi ya kuvunja mgongo. Unashusha foromali ili tanga lisipasuke. Unavuta mashua ndani, maana ikifungwa nyuma katika wimbi itakuja kugonga tezi. Mtu mmoja hatoki kwenye upo, anafua maji ngamani, huko chini ndani ya chombo, bila kusimama. Na bado usukani unashikwa, wimbi likutane na tezi na si na ubavu. Unachoacha ni kubishana na upepo kwenda utakako. Hebu soma aya mbili zinazofuata kama hawakufanya hayo.

Mkunazini_Kengele
Wamefanya. Mashua imepandishwa kwa taabu, kamba zimepitishwa chini ya tumbo la merikebu kuikaza mbao zisiachane, vifaa vya tanga vimeshushwa. Kesho yake wakaanza kutupa shehena.

Hatua_ya_Tatu
Neno "mvivu" limenichoma na mimi, kwa sababu nyingine. Kwenye soba hausi, nyumba za waraibu wanaoacha ulevi na dawa za kulevya, za hapa Unguja vijana wengi ni Waislamu, na hatua 12 zinazosomwa mle zimetoka kwa walevi wa Marekani wa miaka ya 1930. Hatua ya tatu ndiyo mada hii hii: kuamua kukabidhi nia na maisha kwa Mungu, "kama tunavyomfahamu." Ni uamuzi, unachukua dakika. Hatua ya nne inachukua wiki: kalamu na daftari, nani ninamkasirikia, kwa nini, kimeguswa nini ndani yangu, na mimi nilichangia nini. Ya tano, unamsomea mtu. Ya nane, majina ya uliowadhuru. Ya tisa, unawaendea kulipa na kusuluhisha, isipokuwa pale ambapo kwenda kwako kutamuumiza mtu zaidi. Anayekwama hakwami kwenye ya tatu, machozi yote yanatoka hapo. Anakwama kwenye daftari.

Mwana_Shangani
Kwa hiyo mlevi wa Marekani ni mwalimu wa kanisa sasa?

Hatua_ya_Tatu
Kuliko mhubiri asiyejua kinachofuata baada ya "amina", ndiyo.

Minara_Miwili
Hili Kanisa Katoliki lilishalihukumu. Molinos, padri Mhispania pale Roma, alifundisha kuwa nafsi ikijikabidhi kweli haina haja hata ya kupigana na kishawishi, ikae kimya tu. Mwaka 1687 Papa Innocent XI alizilaani hoja zake 68. Tena neno "mkabidhi" la Zaburi 37:5, "Umkabidhi BWANA njia yako," kwa Kiebrania ni kubiringisha, kama mtu anayesukuma mzigo mzito ukabiringikie kwa mwenzake. Neno hilo hilo liko Mithali 16:3, "Mkabidhi BWANA kazi zako." Kazi zako! Asiye na gunia atabiringisha nini?

Mtumishi_Kikwajuni
Ndiyo desturi yenu, mtu akiongea habari za Roho mnamletea Papa. Sisi walokole hatumjui huyo Molinos.

Minara_Miwili
Hamumjui, lakini mnamhubiri.

Mtumishi_Kikwajuni
Rudia tena hiyo.

Dada_Mwera
Jamani. Yesu pale Gethsemane alisema "si mapenzi yangu, bali yako," na kabla ya hapo aliomba wazi kikombe kimwondokee. Aliomba mara tatu. Ombi lilitangulia, kukabidhi kukafuata. Wengi wanaruka sehemu ya kwanza, wanamkabidhi Mungu kitu ambacho hawajamwambia wanachotaka.

Karafuu_Wete
Dada Mwera nimekupata. Wengine nimeuliza vidonge nimejibiwa nanga. Mtumishi, swali la Nesi liko juu huko tangu mwanzo, hujaligusa.

Mtumishi_Kikwajuni
Mimi sikumwambia mtu aache dawa. Nilisema usukani.

Nesi_wa_Zamu
Basi kayaseme hayo madhabahuni, kwa maneno hayo hayo: "sikusema dawa."

Mtumishi_Kikwajuni
Nitayasema. Ila mzee wa Kojani anijibu kwanza. Aya ya 40 inasema walizilegeza kamba za usukani. Kama usukani ulikuwa unashikwa muda wote, kamba zilitoka wapi?

Bahari_Kojani
Sasa umeuliza swali la mtu mzima. Vyombo vya Kirumi havikuwa na usukani mmoja wa tezi kama dau. Vilikuwa na makasia mawili makubwa, moja kila ubavu huku nyuma. Ukitia nanga za tezi, amari, kamba za nanga, zinapita hapo hapo, makasia yakiachwa majini yanagongwa na wimbi yanavunjika. Unayanyanyua, unayafunga. Asubuhi wamekata nanga, wametweka tanga la mbele, wanaelekeza chombo ufuoni: lazima wayafungue. Wameyafungua ili washike.

Mwana_Shangani
Na kikapasuka vilevile.

Bahari_Kojani
Kimepasuka tezi, omo imekwama mchangani. Watu 276, wenye kujua kuogelea wamejitosa kwanza, wengine wamepanda mbao.