Nimeitwa usaili Aldi hapa Columbus, huwa wanauliza nini?

KijanaWaTandika
Wakuu, heshima kwenu. Niko Columbus, Ohio, tangu mwaka jana. Nilituma maombi mtandaoni kwa Aldi, yale maduka ya vyakula ya bei nafuu, jana meneja wa duka akanipigia niende Alhamisi saa nane mchana. Kazi ni ile ya kufanya kila kitu: ukeshia, kupanga bidhaa, kufagia.

Nyumbani nilikuwa nauza duka la jumla la mjomba, Kariakoo. Mchele, sukari, mafuta ya kula. Usaili sijawahi kufanyiwa, mjomba aliniambia tu kesho uje mapema. Kiingereza changu kinaeleweka, ila nikiambiwa nijieleze nakauka mate. Naomba mnijuze: wanauliza nini? Nivae suti? Nibebe vyeti gani? Na nikisema Jumapili asubuhi nina kanisa, nimejiharibia?

MamaKisauni
Karibu mdogo wangu. Mimi niko Aldi pia, upande mwingine wa mji huo huo. Nilianza kaunta, sasa naongoza zamu. Simuajiri mtu, lakini wanaosailiwa hukalishwa chumba kile kile cha nyuma tunachonywea chai, kwa hivyo masikio yangu yamesikia mengi.

Suti iache kabatini. Shati safi, suruali ya heshima, viatu vya kufunga, basi. Alikuja kijana mmoja na tai na mkoba wa ngozi, tukadhani ametumwa na makao makuu kutukagua.

Kabla ya Alhamisi nenda ukanunue maziwa, kisha usiwe na haraka ya kutoka. Tazama. Toroli zimefungwa mnyororo. Unatia sarafu ya senti 25 ndio ifunguke, na ukiirudisha, sarafu yako inatoka. Hapo hakuna mtu anayelipwa kuzunguka uwanjani akikusanya toroli. Ingia ndani: pasta na mikebe ya nyanya haikupangwa mmoja mmoja, boksi limekatwa mbele likatiwa kwenye shelfu jinsi lilivyo. Bakodi zimechapwa kubwa, tena pande kadhaa za pakiti, keshia asipoteze muda kuzigeuza. Keshia mwenyewe amekaa. Anapitisha bidhaa zako na kuzitia moja kwa moja kwenye toroli tupu iliyo kando yake, yako inabaki kwa ajili ya mteja anayefuata. Mifuko unakuja nayo, na kupanga unapanga mwenyewe pale kwenye meza ndefu iliyo mbele. Yote hayo ni kwa sababu duka zima linaendeshwa na watu wachache mno. Kwetu kuna usiku tunafunga tukiwa watatu.

Ukishaliona hilo kwa macho yako, maswali utayajua kabla hayajaulizwa. Kuna moja halikosi: uko kaunta, foleni imefika kwenye mafriji, mteja anataka umwonyeshe unga uliko, utafanyaje? Sisi tuliolelewa pwani tutasema namsindikiza mpaka kwenye unga. Ni adabu, lakini wale kumi waliobaki kwenye foleni umewafanyia nini? Sema unamwelekeza kwa maneno, unamwita mwenzako afungue kaunta ya pili, na mikono yako haisimami.

Akikuuliza kazi ya zamani, usimwambie "nilikuwa nauza duka" ukanyamaza. Huyo meneja hajui Kariakoo ni nini. Mwambie magunia ya kilo 50 mlikuwa mkishusha vipi, lori likija saa ngapi, wateja wakisongamana ulifanyaje, jioni nani alifunga hesabu na pesa ikipungua nani aliulizwa. Tangazo lenu nadhani limesema uweze kuinua pauni 45. Hiyo ni kilo 20 na kitu. Wewe utacheka.

Lingine ni kasi. Mashine inahesabu unavyopitisha bidhaa, na namba zako meneja anaziona. Usijigambe kwamba utakuwa wa kwanza. Uliza mtu mpya hufunzwa kwa muda gani kabla namba zake hazijaangaliwa. Niliwahi kumsikia msichana mmoja akiuliza hivyo, na nikaona sura ya meneja ikifunguka.

Jumapili nieleze kwanza: kwenye fomu uliandika unapatikana lini?

Mzee_wa_Leicester
Mimi nilifanyiwa usaili Aldi ya huku Uingereza, si ya Marekani, lakini ukoo ni mmoja. Mkuu, usipoteze usiku kukariri historia. Mimi nilijua ndugu Karl na Theo Albrecht, duka la mama yao kule Essen, na kwamba jina Aldi limetokana na Albrecht Diskont. Nilijua hata kwamba Marekani walianzia Iowa mwaka 1976. Nikakaa na elimu yangu mpaka mwisho wa usaili, haikutafutwa. Swali la kampuni lilikuwa moja: huwa unanunua hapa, na unanunua nini? Nikataja siagi na jibini zao, nikaeleza kwa nini siendi kwa jirani mwenye bei ya juu, mama wa watu akatabasamu akaandika.

KijanaWaTandika
Dada Kisauni, kwenye fomu niliweka siku zote, saa zote. Niliogopa wasinipigie.

NjiaPanda
Kaka, hapo ndipo pa kurekebisha kabla hujasaini kitu. Mimi sizungumzii Aldi. Nilifanya usaili duka jingine la bei nafuu, jina naliacha. Meneja alinisaili huku anakula sandwichi, akaniuliza kama naweza zamu ya saa kumi na moja alfajiri, nikasema ndiyo. Akaniahidi saa 30 kwa wiki. Ratiba ilipotoka nikakuta saa 14, zimetawanywa siku nne, mbili kati yake za alfajiri. Unakwenda, unarudi, nauli imekula mshahara. Nilipouliza, nikaambiwa saa 30 ni "kiwango cha juu".

Kwa hiyo uliza waziwazi: kwa wiki nitapata saa ngapi kwa uchache? Ratiba hutoka siku ngapi kabla? Na kama huna gari, angalia kwanza basi la COTA linapita lini mtaani kwako asubuhi na Jumapili, usije ukaahidi saa ambayo basi lenyewe bado limelala.

MamaKisauni
NjiaPanda kasema kweli. Mdogo wangu, usingoje uulizwe. Sema hivi: "Niliandika siku zote, nataka kusahihisha. Jumapili napatikana kuanzia saa saba mchana mpaka mnafunga." Ukitaja kisichowezekana, taja hapo hapo kinachowezekana. Jumapili jioni na usiku wa kufunga ndizo zamu watu wanazikimbia, kwa hivyo una cha kumpa.

Karani_Mstaafu
Nijazie la vyeti. Siku ya usaili beba kitambulisho na nakala mbili za CV, vingine viache nyumbani. Wana haki ya kukuuliza kama unaruhusiwa kufanya kazi Marekani, unajibu ndiyo, imetosha. Karatasi zinakuja baada ya kupewa kazi, kwenye fomu ya I-9, ile ya serikali ya kuthibitisha kwamba unaruhusiwa kufanya kazi. Sehemu yako unaijaza si zaidi ya siku ya kwanza ya kazi, na mwajiri anatakiwa awe ameangalia hati zako ndani ya siku tatu za kazi tangu uanze. Hati unachagua wewe kutoka kwenye orodha ya fomu. Green card peke yake inatosha, au kibali cha kazi chenye picha, au leseni ya udereva pamoja na kadi ya Social Security isiyo na maandishi ya masharti. Mwajiri haruhusiwi kukulazimisha ulete hii na si ile. Watu wetu wanabeba bahasha nzima mpaka cheti cha ubatizo, na huko ndiko vitu vinakopotea.

KijanaWaTandika
Wakuu, nimetoka. Hata nusu saa haikufika. Swali la foleni na unga nimeulizwa, ila kwangu yalikuwa mayai. Nilijibu kama dada alivyosema, akauliza "na kama mwenzako yuko nyuma anapokea mzigo?" Hapo nikatumia ya Kariakoo: nikamwambia kwa mjomba tulikuwa wawili tu, nilikuwa napima mchele huku naelekeza mtu kwa kidevu. Akacheka, akataka nimwonyeshe. Nikamwonyesha.

Jumapili nilisahihisha mwenyewe. Akafuta, akaandika upya, hakukunja uso. Saa za wiki akasema kwa kuanzia ni kati ya 20 na 25, na ratiba hutoka mapema. Amesema atapiga simu wiki ijayo, kuna wengine bado hajawaona. Akaniuliza kama nina viatu vya kazi, nikasema nitanunua. Ninunue vya aina gani?

MamaKisauni
Vyeusi, vya kufunga, soli isiyoteleza, maana pale kwenye mafriji sakafu hulowa. Chukua saizi iliyozidi kidogo, jioni miguu huvimba. Lakini usinunue mpaka apige simu.