Georgia, 2021: ni haki aliyeongoza duru ya kwanza ashindwe katika duru ya pili?

Mwanafunzi wa Katuba

Salamu kwenu nyote. Ninasoma sheria hapa Lubumbashi, na tumepewa kazi ya kulinganisha namna nchi mbalimbali zinavyochagua wabunge na maseneta wao. Mimi nimechukua jimbo la Georgia, Marekani. Katika uchaguzi wa Seneti wa tarehe 3 Novemba 2020, David Perdue wa chama cha Republican alipata kura 2,462,617, yaani asilimia 49.7, na Jon Ossoff wa chama cha Democratic akapata 2,374,519, huku mgombea wa tatu akichukua kura zipatazo 115,000. Kwa kuwa sheria ya jimbo hilo inadai zaidi ya nusu ya kura zote, Perdue alikosa kiti kwa kura zisizofika 14,000. Wawili hao walirudi kwa wapiga kura tarehe 5 Januari 2021, na Ossoff akashinda kwa kura 2,269,923 dhidi ya 2,214,979.

Linalonisumbua ni kwamba Ossoff alishinda kwa kura chache kuliko zile alizopata aliposhika nafasi ya pili. Je, ni haki mtu aliyetangulia kwa kura karibu 88,000 akose kiti kwa namna hiyo? Na sisi ambao wabunge wetu wa taifa huchaguliwa kwa duru moja, tuna la kujifunza hapo? Wakubwa wangu, naomba mnisaidie.

Mwalimu wa Kampemba

Mdogo wangu, duru ya pili si mechi ya marudiano ambamo mabao ya mechi ya kwanza hubebwa. Ni uchaguzi mpya, unaoanzia sifuri, kwa hiyo kura za Novemba hazikumpa Perdue akiba yoyote. Ukiziweka hesabu zako mbili bega kwa bega, utaona kwamba Perdue alipungukiwa na kura karibu 247,600, na Ossoff karibu 104,600. Wote wawili walipoteza, na aliyepoteza kidogo ndiye aliyechukua kiti. Basi swali la kuuliza ni nani alirudi kituoni na nani alibaki nyumbani.

Kuna mambo mawili ambayo kazi yako isiyaache. La kwanza, katika wiki zile tisa Donald Trump, rais wa wakati huo kutoka chama cha Republican, aliendelea kudai kwamba kura za urais zimeibwa Georgia, na tarehe 2 Januari alimpigia simu Brad Raffensperger, msimamizi wa uchaguzi wa jimbo hilo na mtu wa chama chake mwenyewe, akimtaka atafute kura 11,780. Raia anayeambiwa kila siku na kiongozi wake kwamba kura haihesabiwi ipasavyo hana sababu kubwa ya kusimama tena kwenye foleni. La pili, uandikishaji ulibaki wazi hadi tarehe 7 Desemba, na watu kama Stacey Abrams wa Democratic walikuwa wamefanya kazi ya kuandikisha wapiga kura kwa miaka kadhaa kabla ya hapo.

Linganisha na mwaka 2008, ambapo Saxby Chambliss wa Republican naye alikwama kwenye asilimia 49.8. Wapiga kura walishuka kutoka takriban milioni 3.7 hadi milioni 2.1 katika duru ya pili, naye akashinda kwa zaidi ya asilimia 57. Mwaka 2021 walirudi karibu milioni 4.5, idadi kubwa mno kwa duru ya pili, kwa sababu kila mtu alijua uzito wake: siku hiyohiyo, kwa kiti cha pili cha jimbo hilo, Raphael Warnock wa Democratic alimshinda Kelly Loeffler wa Republican, Seneti ikagawanyika 50 kwa 50, na kura ya Makamu wa Rais Kamala Harris ikawa ndiyo inayoamua. Kwa maoni yangu haki ilitendeka, kwa kuwa sheria ilijulikana kabla ya kura ya kwanza kupigwa.

Mama wa Kamalondo

Mwalimu, ninakuheshimu, lakini hapo mwisho umepita haraka. Sheria ilijulikana, ndiyo, ila wenye mamlaka wameigeuza mara kadhaa. Mwaka 1992 Wyche Fowler wa Democratic aliongoza duru ya kwanza, akaangushwa na Paul Coverdell katika ya pili. Baadaye bunge la jimbo, lililokuwa mikononi mwa Democratic, lilishusha kiwango hadi asilimia 45, na mwaka 1996 Max Cleland akaingia Seneti kwa asilimia 48.9 bila duru ya pili. Republican walipolishika bunge hilo walirudisha kiwango cha nusu, mwaka 2005. Kisha sheria ya mwaka 2021, iliyotungwa baada ya ushindi wa Ossoff na Warnock, ilipunguza muda kati ya duru hizo kutoka wiki tisa hadi nne. Mwanangu, andika wazi kwamba kila upande hupenda duru ya pili pale inapoufaa.

Sisi pia tumeionja. Tarehe 29 Oktoba 2006, siku ya duru ya pili ya urais kati ya Joseph Kabila na Jean-Pierre Bemba, nilikuwa shahidi wa chama katika kituo kilichowekwa darasani. Asubuhi wamama waliniuliza, «Si tulikwisha kuchagua mwezi wa saba?» Waliopewa karatasi ya wabunge wa jimbo, iliyopigiwa kura siku hiyohiyo, walituliza mioyo kidogo, maana waliona kuna jambo jipya. Usiku tulihesabu kwa mwanga wa taa: rais wa kituo alifunua kila karatasi, akaielekeza kwetu mashahidi, akalitaja jina, karani akapiga mstari. Kazi ile ni nzito na ina gharama, na nchi nzima ilishuka kutoka asilimia 70 ya waliojitokeza hadi 65. Hata hivyo nililia moyoni Januari 2011, duru hiyo ilipofutwa katika Katiba yetu, kwa sababu tangu hapo rais anaweza kutangazwa kwa asilimia 38.57, kama ilivyokuwa katika matokeo rasmi ya 2018.

Mwalimu wa Kampemba

Mama, hayo ya 1992 na 2005 nayapokea kwa mikono miwili. Kwa kijana wetu niongeze tahadhari moja: usiichukue Georgia ukaipachika Lubumbashi kwa ujumla. Mji wetu unachagua wabunge kadhaa kwa pamoja, na viti hugawanywa kwa uwiano kati ya orodha, kwa masalio makubwa zaidi (viti vinavyobaki baada ya mgawo wa kwanza huenda kwa orodha zenye kura nyingi zaidi zilizosalia), hivyo nusu ya kura haina kazi hapo. Ulinganifu wako utasimama katika maeneo ya kiti kimoja, ambako anayeongoza huchukua kiti hata akiwa na robo ya kura. Tena usisahau magavana: wabunge wa jimbo wanapowachagua, asipopatikana mwenye zaidi ya nusu, wawili wa kwanza hurudi katika duru ya pili.

Mwanafunzi wa Katuba

Asanteni sana, Mwalimu na Mama. Nitaishikilia ile hesabu ya kura zilizopotea kila upande, na kwa upande wa Kongo nitajifunga kwenye maeneo ya kiti kimoja pekee. Kama kuna mwenye fichi za matokeo za maeneo hayo kwa mwaka 2006 au 2011, zilizobandikwa vituoni au zilizochapishwa na tume ya uchaguzi, naomba anijulishe ni wapi naweza kuzisoma.